Albrecht Dürer: Mchoraji aliyejifunza kupanga bei kwa hasara

WAFANYABIASHARA wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki hawapati shida kupanga bei ya gunia la mahindi au tani ya saruji. Bei ya kununulia inajulikana, gharama ya mafuta inajulikana, ushuru unajulikana, na kinachobaki ndiyo faida. Shida huanza inapofika kazi ya ubunifu. Mwandishi wa maandishi ubavuni mwa lori, mchonga vinyago, mpiga picha na mbunifu wa nembo wote hutaja bei kwa kukisia. Kazi ikifika nusu, mmoja huona amepunjwa na mwingine huona amegeukwa.

Tatizo hilo si la leo. Albrecht Dürer, mchoraji wa mji wa Nuremberg nchini Ujerumani aliyefariki mwaka 1528, aliishi nalo kwa zaidi ya miaka 30. Dunia inamkumbuka kama mmoja wa wachoraji wakubwa kuliko wote waliopata kutokea Ulaya. Wasichokijua wengi ni kwamba alikuwa pia mfanyabiashara wa kuvuka mipaka, aliyekuwa na mawakala, madeni, barua za msamaha wa ushuru na daftari la mapato na matumizi. Barua zake nyingi na hesabu zake za safari zimehifadhiwa, na zinaonyesha jinsi alivyofika hatua kwa hatua kwenye bei anayoweza kuishi nayo.

Mtoto wa sonara

Dürer alizaliwa Mei 21, 1471. Baba yake alikuwa sonara mhamiaji kutoka Hungary aliyefika Nuremberg mwaka 1455. Familia ilikuwa kubwa. Watoto walizaliwa 18, lakini watatu tu ndio waliofikia utu uzima.

Nuremberg wakati huo ulikuwa mji wa biashara, uliokaa kwenye njia za misafara kati ya Italia na kaskazini mwa Ulaya. Mtu aliyesimamia ubatizo wa mtoto huyo alikuwa Anton Koberger, sonara aliyeacha ufundi wake na kuwa mmoja wa wachapaji wakubwa wa vitabu Ulaya. Kwa hiyo tangu utotoni Dürer aliwaona watu wa aina mbili. Baba yake alitengeneza kitu kimoja kwa mteja mmoja. Koberger alitengeneza kitu kimoja mara mamia na kukipeleka kwenye magulio ya nchi nyingi.

Alianza kujifunza usonara kwa baba yake, kisha mwaka 1486 akawa mwanagenzi wa mchoraji Michael Wolgemut, ambaye karakana yake ilichora pia picha za vitabu. Mwaka 1494 alimuoa Agnes Frey, aliyekuja na mali ya florini 200. Florini ya Rhine ilikuwa sarafu ya dhahabu iliyokubalika katika sehemu kubwa ya Ujerumani, na kiasi hicho cha 200 kitarudi tena katika habari hii.

Picha zinazosafiri

Dürer alipofungua karakana yake mwaka 1495 alikuwa na njia mbili za kuingiza fedha. Ya kwanza ni picha za rangi kwa oda ya mteja, ambapo kazi ni moja, mnunuzi ni mmoja na bei hupatikana kwa makubaliano. Ya pili ni picha za chapa. Mchoro ulichongwa kwenye ubao au kwenye bamba la shaba, ukapakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi mara nyingi. Karatasi ni nyepesi, haivunjiki, na mzigo wa mamia ya picha huweza kubebwa na mtu mmoja.

Mwaka 1497 aliingia mkataba na wakala wa kuzungusha picha hizo kutoka mji hadi mji na nchi hadi nchi. Wakala alitakiwa kuuza kwa bei nzuri kadiri inavyowezekana na kuleta fedha nyumbani. Mwaka uliofuata Dürer alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa 15, kwa Kijerumani na Kilatini, akiwa mwenyewe mchoraji na mchapishaji. Hakusubiri mchapishaji amnunue kwa bei ya jumla.

Biashara hiyo ilikuwa ya familia. Agnes alikwenda kuuza kwenye gulio kubwa la Frankfurt, na mama yake aliuza Nuremberg. Hasara nazo zilikuwepo. Wakala mmoja alifia Rome na mali aliyobeba ikapotea, jambo ambalo Dürer aliliandika katika kumbukumbu zake.

Venice: soko jipya na ada yake

Mwaka 1505 alikwenda Venice, akiwa amekopa fedha kwa rafiki yake, tajiri Willibald Pirckheimer. Alibeba picha ndogo sita za kuuza. Mbili aliuza kwa dukati 24. Tatu alizibadilisha kwa pete tatu, ambazo aliyezitoa alizithamini dukati 24. Alipowaonyesha marafiki wanaojua vito, wakamwambia zina thamani ya dukati 22. Mtoto wa sonara alikuwa amepunjwa kwenye pete.

Kufanya kazi ugenini nako kulikuwa na gharama. Nuremberg hakukuwa na chama cha wachoraji chenye mamlaka ya kusimamia kazi na kutoza ada, lakini Venice kilikuwepo. Wachoraji wa pale walimshitaki kwa kufanya kazi katika soko lao, akaitwa mara tatu mbele ya mamlaka ya jiji na kulazimika kulipa florini nne kwa chama chao. Msafirishaji yeyote aliyewahi kutozwa ada asiyoitegemea upande wa pili wa mpaka atamwelewa.

Oda kubwa aliyoipata Venice ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa na jengo lao la biashara katika jiji hilo. Walitaka picha ya altare kwa ajili ya kanisa lao, kwa florini 110. Kwanza ilionekana ni fedha nzuri, kwa sababu vifaa havikufika hata florini tano. Lakini kazi ilimla miezi, na huku akiifanya alikataa kazi nyingine ambazo kwa hesabu yake zingemletea dukati 200, na dukati moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko florini. Mtawala wa Venice mwenyewe alikuja kuiona picha hiyo ilipokamilika. Sifa zilijaa, ila mfuko haukujaa.

Hapo ndipo Dürer alipogusa jambo ambalo mafundi wengi hawaliweki kwenye bei. Gharama kubwa ya kazi ya ubunifu si rangi wala ubao. Ni muda, na ndani ya muda huo mna kazi nyingine zote zilizokataliwa.

Ugomvi wa florini 70

Somo hilo hakulifanyia kazi mara moja. Mwaka 1507, baada ya kurudi nyumbani, alikubaliana na Jakob Heller, mfanyabiashara tajiri wa Frankfurt, kumchorea picha ya altare kwa kanisa la Wadominiko. Bei ilikuwa florini 130.

Kazi ilichelewa tangu mwanzo. Dürer aliugua homa. Kisha alikuwa na oda ya Frederick, mtawala wa Saxony, iliyomchukua karibu mwaka mzima kwa florini 280, na kwa maelezo yake fedha hizo karibu zote ziliishia kwenye matumizi ya mwaka huo huo. Alipofika kwenye picha ya Heller aliamua kutoa kazi ya hali ya juu kabisa, akiweka tabaka juu ya tabaka ili rangi zidumu. Rangi ya buluu pekee aliihesabia dukati 20. Rangi hiyo ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na kila mkono uliolipitisha njiani uliongeza bei yake.

Mwaka 1508 alimwandikia Heller kwamba florini 130 hazitoshi, na kwamba kazi hiyo ni ya florini 200. Heller alikasirika. Kwa upande wake hoja ilikuwa fupi, kwamba makubaliano ni makubaliano. Hakuwa ameomba tabaka za ziada, na kuchelewa hakukuwa kosa lake. Alimlaumu Dürer kwa kuvunja ahadi, na malalamiko hayo yakawafikia watu wengine.

Dürer naye alikuwa na hoja. Kazi iliyokuwa kwenye karakana yake haikuwa tena ile iliyokadiriwa florini 130. Alisema kuna watu walio tayari kuinunua kwa bei kubwa zaidi, hata florini 300, na kwamba yuko tayari kumrudishia Heller fedha alizotanguliza. Barua zilikwenda na kurudi, huku mfanyabiashara Hans Imhoff wa Nuremberg akiwa katikati kama mpokeaji wa fedha na mzigo.

Ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa na kosa lake. Bei ilikuwa imewekwa bila kueleza kiwango cha kazi, na kiwango cha kazi kikapandishwa bila kuuliza bei. Fundi anayeongeza ubora kwa hiari yake katikati ya kazi, kisha akapeleka ankara mpya, hukosea hata kama ubora huo ni wa kweli. Na mteja anayeshikilia bei ya mwanzo huku akifurahia kupokea kitu cha thamani kubwa zaidi naye hajawa mwema.

Agosti 1509 picha ilifungwa vizuri na kukabidhiwa kwa Imhoff ipelekwe Frankfurt. Dürer alitoa maelekezo ya kuitundika, akataka mtu mwingine yeyote asiipake vanishi, na akaahidi kuja baadaye kuipaka mwenyewe. Heller alilipa florini 200. Alipoiona picha aliridhika kiasi cha kutuma zawadi kwa Agnes na bakshishi ya florini mbili kwa mdogo wake Dürer aliyesaidia kazi.

Kwa hiyo Dürer alishinda ugomvi huo. Hata hivyo, katika barua aliyoiambatanisha na mzigo alisema kwamba picha za kawaida angeweza kuchora rundo kwa mwaka na kupata faida, lakini kazi ya uangalifu wa namna ile hailipi. Kama angebaki kwenye michoro ya chapa, alisema, siku hiyo angekuwa na florini 1,000 zaidi. Akatangaza kuwa sasa atarudi kwenye chapa.

Orodha ya bei

Na kweli alirudi. Mwaka 1511 alitoa kwa mkupuo vitabu vyake vikubwa vya picha, safari hii vikiwa na onyo kwa wanaoiga kwamba Kaisari Maximilian amepiga marufuku kunakili kazi hizo. Herufi zake A na D, moja ikiwa ndani ya nyingine, zilikuwa tayari zinajulikana sokoni kama nembo ya bidhaa. Mwaka 1512 mgeni mmoja alikutwa Nuremberg akiuza picha zenye nembo hiyo ya kughushi. Baraza la mji liliamuru aiondoe, la sivyo mali itataifishwa. Uamuzi huo ulilinda jina zaidi ya mchoro wenyewe, lakini kwa mnunuzi jina ndilo lililokuwa likibeba bei.

Bei zenyewe zinajulikana kutokana na daftari lake la mwaka 1520, alipouza shehena kwa mfanyabiashara mmoja mjini Antwerp. Karatasi nzima ziliuzwa nane kwa florini moja, nusu karatasi 20 kwa florini, na robo karatasi 45 kwa florini. Kitabu kidogo cha Mateso ya Kristo cha chapa ya ubao, chenye picha 37, kilikuwa robo florini. Kile cha chapa ya shaba kilikuwa na picha 16 tu, lakini bei yake ilikuwa nusu florini.

Mpangilio huo una mantiki ambayo mfanyabiashara ataiona mara moja. Mnunuzi wa jumla hakuuliza kila picha ilichorwa kwa siku ngapi. Bei ilifuata ukubwa wa karatasi na aina ya chapa. Shaba iligharimu zaidi kwa sababu kuichonga ni kazi ngumu na bamba huchakaa mapema kuliko ubao. Kwa bei hizo, florini 200 za Heller zilikuwa sawa na karatasi nzima 1,600. Ni kweli kuna gharama ya karatasi, wino na usafiri. Lakini baada ya kuuza karatasi hizo ubao bado uko kabatini, na unaweza kuchapa nyingine mwaka unaofuata bila kumwandikia mteja barua hata moja.

Safari ya vituo vya ushuru

Mwaka 1515 Kaisari Maximilian alimpa Dürer malipo ya florini 100 kila mwaka, yatolewe kwenye kodi ambayo Nuremberg ilidaiwa na Kaisari. Maximilian alifariki Januari 1519, na baraza la mji likasimamisha malipo hadi mrithi wake ayathibitishe. Hivyo Julai 1520 Dürer, Agnes na mtumishi wao walifunga safari kwenda nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi, kumfuata Kaisari mpya Charles V, huku wakibeba mzigo wa picha za kuuza njiani.

Kituo cha kwanza cha maana kilikuwa kwa Askofu wa Bamberg. Dürer alimpa picha na vitabu, naye akampa barua ya kusamehewa ushuru. Kisha walishuka kwa mashua kwenye mito ya Main na Rhine, ambako kila mtawala alikuwa na kituo chake. Vituo vingi viliiheshimu barua hiyo, lakini si vyote. Ehrenfels alilipa florini mbili, akiahidiwa kurudishiwa endapo ataleta barua ya msamaha ndani ya miezi miwili. Boppard alitakiwa kuandika na kuweka muhuri kwamba habebi bidhaa za kawaida za biashara. Lahnstein ofisa wa ushuru alikuwa akimfahamu Agnes, hivyo walipita bure na kupewa mvinyo juu yake.

Antwerp ilimpokea kwa heshima kubwa. Biashara haikuwa kubwa kama heshima. Alichora sura za watu kwa makaa, baadhi wakimlipa florini moja na wengine wasimlipe kitu. Novemba 1520, baada ya mahangaiko mengi, alipata mjini Cologne uthibitisho wa malipo yake ya mwaka. Mwaka 1521 Mfalme Christian wa Denmark alimlipa florini 30 kwa picha ya rangi.

Kilichomuuma ni Margaret, aliyekuwa gavana wa nchi hizo na binti wa marehemu Maximilian. Dürer alimpa picha zake zote za chapa na kumchorea nyingine mbili kwenye ngozi, ambazo yeye mwenyewe alizithamini florini 30. Hakutaja bei, akitegemea ukarimu wa mkubwa. Hakupata kitu. Alipompelekea picha ya baba yake, gavana hakuipenda, na Dürer akaondoka nayo na kuibadilisha kwa kitambaa cheupe cha Kiingereza. Mwishoni mwa safari aliandika kwamba katika shughuli zake zote za nchi hizo alikuwa amepata hasara, na akamtaja Margaret kwa namna ya pekee. Ili aweze kurudi nyumbani alikopa florini 100, akaweka hati ya kuzilipa Nuremberg.

Hesabu ya mwisho

Mwaka 1524 alipeleka kwa baraza la mji wake maombi yanayosomeka kama taarifa ya fedha. Alisema katika miaka 30 watu wa Nuremberg hawakumpa kazi zinazofika florini 500, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwa wageni. Venice, alieleza, iliwahi kumwahidi dukati 200 kwa mwaka na Antwerp florini 300 pamoja na nyumba, naye akakataa kwa mapenzi ya kwao. Aliomba mji upokee akiba yake ya florini 1,000 na kumlipa florini 50 kila mwaka. Baraza lilikubali.

Mwaka 1526 alilipatia baraza hilo picha mbili kubwa za mitume, bila kutaja bei. Safari hii walioipokea zawadi walijua la kufanya. Walimlipa florini 100, wakampa Agnes 12 na mtumishi wake mbili.

Alifariki Aprili 6, 1528, akiwa na umri wa miaka 56, akiacha mali ya zaidi ya florini 6,000. Kwa mchoraji wa zama zile huo ulikuwa utajiri. Agnes aliendelea na biashara hadi alipofariki mwaka 1539, na mwaka ule ule aliofiwa baraza la mji lilizuia watu wengine kutoa kitabu cha vipimo vya mwili wa binadamu kabla ya kile alichokiacha mumewe.

Kwa anayeagiza kazi ya ubunifu leo, na kwa anayeifanya, maisha ya Dürer yanaacha maswali ya kumalizwa kabla arbuni haijatolewa. Kazi itachukua muda gani na ya kiwango gani? Vifaa na usafiri ni juu ya nani? Ubora ukiongezwa njiani, nani ataulizwa? Na mchoro ukishalipwa, nani ana haki ya kuuchapa tena? Maswali hayo yakijibiwa mwanzoni, florini 130 au 200 zote zinaweza kuwa bei ya haki. Yasipojibiwa, hakuna kiasi kisicholeta lawama.

Picha ya Heller, ambayo mchoraji wake aliamini ingedumu miaka 500 ikitunzwa vizuri, iliuzwa kwa mtawala wa Bavaria mwaka 1614, na sehemu yake ya katikati ikateketea kwa moto mjini Munich mwaka 1729. Karatasi zilizouzwa nane kwa florini zimo kwenye makumbusho ya dunia nzima hadi leo.